Tarehe ya kuzaliwa inaporudi nyuma siku moja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na hiyo fomu inayorudisha tarehe za kuzaliwa nyuma siku moja imenikumbusha usiku mbili nilizokesha kwa kosa hilohilo. Usiiguse hifadhidata kwanza.

Tazama mstari huu wa msimbo, unaotumia Date, chombo cha JavaScript cha kushughulikia tarehe na saa: new Date("1990-05-14"). JavaScript, lugha ya kuandikia programu za wavuti, inausoma kuwa saa sita kamili usiku kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za maeneo yote hupimwa kwayo. Mtumiaji aliyeko New York, ambako mwezi Mei saa huwa nyuma ya UTC kwa saa nne, anaonyeshwa saa mbili usiku ya tarehe 13. Sasa bandika T00:00 mwishoni mwa tarehe hiyohiyo: safari hii inasomwa kwa saa za mahali alipo mtumiaji. Vibambo sita tu, na maana imegeuka kabisa!

Wengi hulitibu kosa hili kwa kuongeza saa chache hadi tarehe ikae sawa. Nakusihi usifanye hivyo, litaibuka kwingine. Siku ya kuzaliwa ni siku ya kalenda, haina saa wala eneo. Ihifadhi kama tarehe tupu, mwaka, mwezi na siku, na uionyeshe bila kuipitisha kwenye Date.

Malipo na kumbukumbu za seva, hizo weka kwa UTC. Ila miadi ya mbele ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hifadhi saa aliyochagua mtu pamoja na jina la eneo, kama Europe/Paris, usiweke +01:00 (saa moja mbele ya UTC) peke yake, kwa sababu serikali hubadilisha saa. Samoa iliruka tarehe 30 Desemba 2011 nzima ili ihamie upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule mpaka wa baharini ambapo siku hubadilika. Miadi ya huko ya Januari 2012 iliyogeuzwa kuwa UTC kabla ya uamuzi huo ingeonekana imechelewa siku moja, ingawa hakuna aliyekosea hesabu.

Leo jioni badilisha saa za kompyuta yako ziwe za New York, kisha ufungue fomu upya. Tarehe 14 ikigeuka 13, nitumie mistari yote inayotumia Date tuipitie pamoja.

Wako daima.