Barua ya wazi kwa vijana wa mpira wa kikapu wa Walukuba

Wanangu,

Nawasalimu nikiwa hapa Jinja, dakika chache tu kwa miguu kutoka uwanja wetu wa saruji. Fainali mliyopoteza kwa pointi mbili niliishuhudia mwenyewe, nikiwa nimeketi nyuma ya benchi lenu. Yaliyofuata nimeyasikia kwa vipande: kwamba kijana aliyekosa mitupo huru miwili katika dakika ya mwisho hasalimiwi tena na baadhi yenu, kwamba watatu wamekwishazungumza na timu za Kampala, na kwamba nahodha amerudisha jezi yake. Nimeona niwaandikie wazi, kila mmoja asome maneno yale yale, kwa kuwa ya pembeni yamekuwa mengi mno.

Orodha ya mabingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mnaijua vizuri kuliko mimi. Kila jioni nawasikia mkibishana kuhusu Jordan mwenye pete sita za ubingwa na LeBron mwenye nne, na mzee mmoja akipita huwakumbusha kuwa Bill Russell alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 aliyoichezea Boston. Hayo yote ni kweli. Ombi langu ni kwamba mrudi kwenye orodha hiyo hiyo mkiwa na swali jingine: huyu bingwa alikuwa wapi mwaka mmoja kabla, na baada ya kufungwa aliwatendea nini wenzake?

Chukueni San Antonio Spurs. Mwezi wa Juni 2013, mjini Miami, walikuwa wakiongoza fainali, ambayo bingwa wake ni anayetangulia kushinda mechi nne, kwa mechi tatu kwa mbili, na katika mechi ya sita waliongoza kwa pointi tano zikiwa zimebaki sekunde 28. Wafanyakazi wa uwanja walikwishaanza kuleta kamba ya kuzuia watu, ili kombe likabidhiwe. LeBron James wa Miami akafunga mtupo wa pointi tatu, kisha Kawhi Leonard wa Spurs, kijana wa miaka 21, akapewa mitupo huru miwili; akakosa mmoja, akafunga mmoja. Manu Ginobili, mkongwe wa timu, naye alikuwa amekosa mmoja muda mfupi kabla. Kisha LeBron akarusha tena akakosa, mwenzake Chris Bosh akaudaka mpira uliorudi, na Ray Allen akarudi kinyumenyume hadi kwenye kona, akapokea pasi na kurusha ule mtupo wa pointi tatu uliosawazisha mechi zikiwa zimebaki sekunde tano tu. Spurs wakafungwa 103 kwa 100 katika dakika za nyongeza, wakafungwa tena mechi ya saba.

Sasa angalieni walichofanya. Kocha Gregg Popovich hakumfukuza Leonard wala Ginobili. Tim Duncan na Tony Parker hawakutafuta timu nyingine. Walirudi na karibu kikosi kile kile, na mwaka 2014 wakakutana na Miami hao hao, wakawashinda mechi nne kwa moja. Mchezaji bora wa fainali hiyo alikuwa Leonard. Nawaomba muyafikirie hayo kila mnapopishana njiani na yule mwenzenu mliyemgeuzia kisogo, kwani alichokosa yeye, Leonard alikikosa mbele ya dunia nzima.

Chicago, timu ya Jordan, nao walikuwa hivyo hivyo kabla ya pete zile sita mnazozihesabu. Detroit Pistons waliwatoa mwaka 1988, 1989 na 1990. Katika mechi ya saba ya mwaka 1990 Scottie Pippen alicheza akiumwa kichwa kikali, akafunga mtupo mmoja katika kumi, na lawama zote zikamwangukia. Mwaka uliofuata Chicago waliwafunga Detroit mechi nne bila, wakaenda kuchukua taji la kwanza, na Pippen alikuwamo katika yote sita.

Sitawadanganya kwamba subira humlipa kila mtu. Jerry West wa Lakers alipoteza fainali saba kabla ya kushinda hata moja, sita kati ya hizo mikononi mwa Boston. Mwaka 1969, mechi ya saba ikichezwa kwao Los Angeles, tajiri wa timu alikwishaamuru maputo yatundikwe kwenye dari yadondoshwe baada ya ushindi. West alifunga pointi 42, Boston wakashinda 108 kwa 106, na maputo yakabaki juu. Alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali akiwa upande ulioshindwa, jambo ambalo halijatokea tena katika fainali za ligi ile. Taji lake alilipata mwaka 1972. Lakini mwenzake Elgin Baylor, waliyeteseka pamoja miaka yote hiyo, aliacha kucheza mwanzoni mwa msimu huo huo kwa sababu ya magoti. Habari ya Baylor huniumiza kila ninapoikumbuka.

Najua mtanijibu kwamba Leonard huyo huyo aliondoka San Antonio mwaka 2018, na mwaka 2019 akaipa Toronto ubingwa. Ni hoja nzuri. Ila tazameni alikowasili: Kyle Lowry alikuwa Toronto tangu mwaka 2012, na Pascal Siakam, kijana wa Cameroon, alikuwa amelelewa pale pale tangu alipoingia kwenye ligi. Nyumba ilikuwa imesimama, yeye akaja kuiezeka. Kiangazi hicho hicho akahama tena. Kwa hiyo sisemi kuhama ni dhambi. Anayekwenda Kampala kwa ajili ya shule au kazi, nitamsindikiza mwenyewe hadi kwenye teksi. Anayekwenda kwa hasira ya wiki mbili, huyo namwomba asubiri kwanza.

Na hapa kwetu mnawajua City Oilers, waliotwaa ubingwa wa Uganda miaka saba mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2019, na mwaka 2023 wakaiwakilisha nchi katika ligi ya Afrika, BAL. Timu ngapi zilifungwa nao kwenye uwanja wa Lugogo, Kampala, zikavunjika msimu ulipokwisha, zikaanza upya na wageni wasiojuana hata kwa majina? Unaporudi kila mwaka na kikosi kipya, humpi bingwa wa namna hiyo shida yoyote, kwa sababu ulinzi ni kazi ya watu waliozoeana: mmoja akipitwa, mwenzake awe amekwishasogea kabla ya kuitwa.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea. Nilipokuwa na umri wenu tulifungwa fainali kwa kikapu kimoja, na mimi ndiye niliyesema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa la mlinzi wetu mfupi, yule aliyepoteza mpira. Aliziweka raba zake kwenye mfuko wa karatasi, akaondoka bila neno. Hatukupata mwingine aliyejua kutoa pasi kama yeye, na baada ya mwaka mmoja hakukuwa na timu. Nilikuja kumwomba radhi tukiwa wote na mvi. Alinisamehe, lakini misimu ile hakuna aliyeturudishia.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa uwanjani. Jezi ya nahodha ninayo mimi, nimeifua, na nimenunua nyavu mbili mpya za vikapu. Nawaomba mje wote, pamoja na wale watatu. Yule kijana wa mitupo huru nitampitia kwao mwenyewe, tuje naye pamoja, na nitafurahi nikikuta mmoja wenu amenitangulia mlangoni pake.

Ni mimi mzee wenu,
Walukuba, Jinja