Maandamano ya Matawi yalindwe mkiani

Mhariri,

Jumapili ya Matawi, ile inayotangulia Pasaka, haiangukii kabla ya Machi 15 wala baada ya Aprili 18. Kwa sisi wa pwani hiyo ni kusema kwamba kila mwaka maandamano hukutana na masika: madimbwi barabarani, matope pembeni, na madereva ambao mvua imeshawachelewesha kabla hata hawajaiona kwaya. Tunaandika kama watu wa kujitolea tunaopanga maandamano haya parokiani Dar es Salaam, na hoja yetu ni moja. Wahudumu wa foleni hupangwa mbele, alipo padre, ilhali hatari iko nyuma.

Kosa lenyewe linaeleweka. Utaratibu wa liturujia ya siku hiyo unatanguliza chetezo, kisha msalaba uliopambwa kwa matawi kati ya mishumaa miwili, kisha padre na watumikiaji, ndipo waamini. Matarumbeta yako mbele, gari la spika liko mbele, mpiga picha yuko mbele. Kijana aliyevalishwa kizibao cha reflekta naye anataka kuonekana. Nyuma wanabaki wazee, kina mama wenye watoto mgongoni na waliochelewa, ambao hawakusikia tangazo hata moja.

Tupige hesabu. Waamini 1,200 wakitembea wanne wanne, mstari na mstari ukiachana mita moja na nusu, ni mistari 300, yaani foleni ya mita 450. Mwendo wa kuimba ni kama kilomita mbili kwa saa, mita 33 kwa dakika. Foleni hiyo inahitaji dakika 13 au 14 kumaliza kupita njia panda moja. Mratibu anayemwambia trafiki "dakika tano tu, afande" amemdanganya bila kukusudia. Dakika ya sita afande anaruhusu magari, foleni inakatika, na walioachwa ng'ambo wanaanza kukimbia. Mtoto akianguka siku ya Matawi, mara nyingi ni hapo.

Hesabu hiyo hiyo huharibika hata kabla ya kuingia barabarani. Maandamano mengi huanzia uwanja wa shule au kigango cha jirani, na mlinzi hufungua kale kageti kadogo ka watembea kwa miguu. Upana wa mita moja hupitisha kama mtu mmoja kwa sekunde, 60 kwa dakika, wakati foleni ya wanne wanne inataka watu 88 kwa dakika. Watu 1,200 watatumia dakika 20 kutoka, na kichwa kitakuwa kimeshafika mita 660 mbele. Dawa yake haigharimu senti: funguo za geti la magari zitafutwe Jumamosi, siyo asubuhi ya Jumapili.

Liko jambo jingine ambalo wa mbele hawaliamini mpaka waende nyuma wakaone. Kwenye tuta au dimbwi kila mstari hupunguza mwendo kidogo, kisha huharakisha kuziba pengo. Mstari wa kwanza umepoteza sekunde moja; wa mia mbili umebeba sekunde za wote waliomtangulia. Ndiyo maana mbele wanatembea kwa heshima na nyuma wanachanja mbio, katika maandamano yale yale. Kwa hiyo kichwa kikivuka tuta kisimame kwa ubeti mzima, na anayebeba msalaba asichaguliwe kwa urefu wake. Huyo ndiye gia ya maandamano. Mpeni mzee mwenye hatua fupi. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu miaka ya 380, aliandika kwamba msafara wa siku hii kutoka Mlima wa Mizeituni ulikwenda polepole, watu wasichoke, na watoto wasioweza kutembea walibebwa na wazazi. Jambo hili basi lilishajulikana zamani sana.

Kwa watu 1,200 tunapanga wahudumu 27. Wawili kichwani, wanatosha. Kumi na watano ubavuni, mmoja kila mita 30. Sita kwenye njia panda, kwa jozi. Wanne mkiani, na hao wawe watu wazima waliozoeana. Foleni ishike kushoto, nusu ya barabara. Wahudumu wa ubavuni watembee kulia kwake, upande wa magari, nyuso zikiwageukia madereva na si kwaya. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa kanisani, wakae mistari ya ndani, mtu mzima mmoja kwa watoto kumi. Jozi ya njia panda haiondoki mpaka wa mkiani wawape ishara, na kwa kuwa haiwezi tena kulipita kundi kwa miguu, wekeni bodaboda ya kuwahamishia njia panda inayofuata. Barabara ikiwa na makutano zaidi ya matatu, hesabu ya jozi iongezwe. Msichukue watu wa mkiani.

Mkiani kuwe na bajaji moja yenye bendera nyekundu. Kazi yake ni bibi yule ambaye kandambili imenasa kwenye tope, fimbo mkono mmoja, tawi mkono wa pili, na hana mkono wa tatu wa kuivua. Hatapaza sauti. Wenzake watamzunguka waendelee kuimba. Asiyetembea nyuma hatamwona, na dereva aliye nyuma yake ataona tu foleni imepita na mtu mmoja amesimama katikati ya njia. "Shikamoo bibi, njoo ukae hapa" inatosha. Ndani ya bajaji hiyo pawe na dumu la maji la lita 20, ambalo ni vikombe 80 vya robo lita, na sanduku la huduma ya kwanza.

Mawasiliano ya kichwa na mkia yawe ya simu iliyopigwa kabla ya kuondoka na kuachwa hewani, kwa visikilizi. Ukingoja kupiga wakati wa shida, mwenzako hataisikia simu ikiita kando ya tarumbeta. Maneno ni mawili tu, "simama" na "nenda". Mkia ndio unaoamuru.

Kuhusu kwaya, sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Wimbo unaotoka spika ya mbele unafika mkiani umechelewa zaidi ya sekunde moja, na wa nyuma wakiufuata wanaonekana hawajui kuimba. Hawana kosa. Wekeni ngoma na kiongozi wa pili katikati, nao waimbe wimbo wao.

Sasa matawi. Ukindu ndio unaofaa, ila majani ya chini ya tawi la mkindu yamegeuka miiba: kateni shubiri nzima kutoka shinani kabla ya kugawa. La mtoto lisizidi sentimita 60, maana ncha ya lililo refu zaidi hukaa sawasawa na jicho la anayemfuata. Wanaotumia mnazi wachukue makuti yaliyokomaa na kuyapasua vipande. Kule kukata kuti changa jeupe la kileleni, kwa sababu linasukika vizuri kuwa msalaba, ni kuujeruhi mnazi mahali pekee unapokulia. Mnazi hauna chipukizi la pili. Kilele kikifa umekufa, na kidonda chake hukaribisha chonga, yule mdudu anayetoboa minazi.

Taarifa ya polisi msiifanye karatasi ya kutimiza wajibu. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Peleka wiki mbili kabla, na ndani yake andika saa ya kuondoka, idadi, urefu wa foleni na dakika kwa kila njia panda. Ofisa akipewa dakika 14 atapanga watu wake kwa dakika 14. Madereva nao hawana tofauti. Ukimwambia wa daladala "sasa hivi, kaka", atapiga honi. Ukimwambia "samahani kaka, ni dakika kumi na nne", atanung'unika, atazima injini, konda atashuka kununua maji. Wanaolalamika kwamba maandamano yanafunga barabara, mara nyingi kinachowaudhi ni kutoambiwa yatafunga mpaka saa ngapi.

Hatari kubwa kuliko zote huja mwishoni, kanisani. Padre ameingia, kwaya inapanda jukwaani, na wahudumu wanakimbilia viti. Kichwa kimesimama mlangoni. Mita 300 za watu bado ziko barabarani, hazina hata mlinzi mmoja. Milango yote ya ubavuni ifunguliwe kabla ya kichwa kufika. Wauza matawi na magari yaliyoegeshwa wakae mbali na geti, mita 50. Wahudumu wawekewe benchi la nyuma lenye kitambaa cha kulitenga, ili asiwepo anayeacha lindo lake kwa kuogopa kukosa kiti. Hilo la benchi ni dogo, lakini kwa uzoefu wetu linasaidia kuliko semina.

Wa mkiani huingia dakika 20 baada ya wengine, kwa sababu bado wana kufagia. Ukindu uliokanyagwa kwenye lami yenye maji huteleza kama ganda la ndizi, na wa kwanza kuupitia ni bodaboda. Fagio mbili za chelewa na magunia mawili yanatosha kwa mita 450. Yaliyo safi yatengwe na kuanikwa chini ya paa, yasiote ukungu masika yote. Ndiyo yatakayochomwa mwakani kupata majivu ya Jumatano ya Majivu.

Kamati ya maandamano ya parokia,
Dar es Salaam