Salamu za Krismasi kutoka Marangu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki, mliofika nyumbani na mliobaki mjini kutafuta.

Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetufikisha Krismasi nyingine tukiwa hai. Wengi tuliosherehekea nao mwaka jana wametangulia, na sisi hatukubaki kwa wema wetu. Kwa niaba ya familia yangu nawatakia heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye afya, amani na fanaka tele.

Mwaka umekuwa mgumu, tusifichane. Nauli ya kupanda Moshi ikishafika katikati ya Desemba tunaijua wenyewe. Safari hii nimeona hata familia zikigawanyika: baba kaja na watoto wakubwa, mama kabaki Dar na wadogo kwa kuwa hela haikutosha. Mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, sukari ndiyo usiseme. Zipo nyumba ambazo mbuzi wa mwaka huu amechangwa na ndugu watatu, na zipo ambazo hata huyo hayupo. Msione aibu. Mwenye sikukuu yake alilazwa horini kwa sababu wazazi wake hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na Luka hakujishughulisha kutuandikia walikula nini usiku ule.

Kwangu hii ni Krismasi ya kwanza bila mama. Tulimzika mwezi wa sita, kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, pembeni ya baba. Msiba ulikuwa mkubwa: kwaya zilipokezana, sare za kitenge zilipendeza, maturubai yalifika hadi barabarani. Nawashukuru wote, michango yenu ilitusitiri. Lakini mama alilala kitandani miezi mingi kabla ya siku ile, na miezi hiyo mlangoni kwake palikuwa kimya. Aliyekuwa akija ni jirani yetu wa upande wa chini, mama anayeuza ndizi sokoni. Haimbi kwaya, si mzee wa kanisa, na sijawahi kusikia bahasha yake ikitajwa kati ya waliotimiza ahadi. Alikuwa akitoka sokoni jioni anapitia kwetu, anachemsha maji, anamwosha mama mgongo na miguu, anampaka mafuta, anamgeuza ubavu wa pili asipate vidonda. Kisha anaomba kwa Kichagga, maneno machache tu, anaondoka kwenda kuwakatia ng'ombe wake majani. Siku ya mazishi alikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, bila sare. Mama jirani, ujumbe huu ukikufikia, ujue kwamba mimi na wadogo zangu tulimwona Kristo kwako.

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa moyoni. Sisi ni watu wa ibada, na ibada ni njema. Kesho nami nitakuwa kanisani mapema. Lakini someni Amosi sura ya 5. Mungu anawaambia watu wake kwamba anazichukia sikukuu zao, hazitaki sadaka zao, na wamwondolee kelele za nyimbo zao, kwa sababu maskini alikuwa anakanyagwa langoni huku madhabahuni panafuka moshi. Aliwaambia hayo watu wanaosali, hakuwaambia wapagani.

Na sisi je? Mtoto anapata kipaimara, tunakodi ukumbi, tunamshonea suti, na hatujawahi kumuuliza kama anasali akiwa peke yake. Tunanunua kreti za soda wakati dada wa kazi tuliyemwacha Dar analinda nyumba hajapata mshahara wa Novemba. Mlipeni leo, simu si mnazo mkononi! Wapo ndugu wa tumbo moja watakaokaa kesho benchi moja na kusali Baba Yetu kwa sauti moja, wakati kesi yao ya mpaka wa kihamba iko baraza la kata. Wazee wetu walituachia sale, jani la kuombea msamaha, tunajua uzito wake, na aliyeletewa sale hakatai. Bwana Yesu naye alisema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Hakusema usubiri sikukuu iishe. Basi kabla mbuzi hajachinjwa, nenda. Ukienda ili wazee wakuone, utarudi na ugomvi wako ule ule. Nenda kwa sababu umemsamehe, au kwa sababu unahitaji kusamehewa, na ikibidi kulia mlie.

Na kule kwenye kila ukoo yuko mgonjwa aliyefungiwa chumba cha nyuma wageni wasimwone. Msianzie sebuleni. Ingieni kwake kwanza, mmsalimie kwa jina, mmlishe mtori kwa mkono wenu wenyewe.

Basi, Mungu awabariki, awalinde barabarani mnaporudi, awape mwaka mpya wenye neema. Tarehe 27 saa nne asubuhi tutakuwa na ibada fupi ya shukrani kwa ajili ya mama, hapa nyumbani. Karibuni wote. Hatuna kadi, hatuna sare, na mchango hatupokei. Njooni tu na watoto.