Barua ya wazi kwa Yaya, juu ya ukurasa uliouchana

Yaya,

Nakusalimu kwa heshima, wewe uliyenitangulia kuzaliwa. Nasikia huko Kolwezi unawaambia watu kwamba tumenuniana kwa ajili ya kiwanja cha Katuba. Kiwanja ni chako, sikidai. Tuligombana juu ya 2 kwa kipeo 127, toa 1, nawe unajua.

Namba hiyo ina tarakimu 39. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba ni namba tasa, wala hakuwa na kompyuta. Hadi 1951 haikujulikana namba tasa iliyoizidi. Marehemu Baba hakuvutiwa na ukubwa wake bali na njia ya kuipima, ambayo Mmarekani Derrick Lehmer aliinyoosha baadaye: unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawa kwa namba unayoipima na kushika baki peke yake, kisha unarudia. Kwa 31, yaani 2 kwa kipeo 5 toa 1, unapata 14, halafu 194 ambayo baki yake ni 8, halafu 62 ambayo baki yake ni 0. Kipeo ukikitoa 2 ndiyo idadi ya hatua. Sifuri ikitokea mwishoni, namba ni tasa, na isipotokea si tasa, hata kama hujakiona kigawanyo chake.

Kwa namba ya Baba hatua ni 125, na karibu kila moja, ukitoa zile chache za mwanzo, inadai kuzidisha tarakimu kama 39 kwa 39. Alikuwa amevuka nusu, kwa penseli, katika daftari la miraba. Siku ya pili ya kilio, chini ya turubai, ulichana ukurasa wake wa mwisho, ukaandika nyuma yake majina ya waliochanga unga na faranga. Nilipokushika mkono ulisema mbele ya wajomba: «Hesabu za bure, angalau leo zifae kitu.» Wakacheka, hata mama mdogo. Utasema ni hatua moja tu, na kweli nimeirudia na baki nimelipata, ila mwandiko si wake.

Wanaonilaumu kwamba usiku ule nilijifungia chumbani na daftari badala ya kukaa na wageni waelewe kwamba wageni walikuwa na wewe, Yaya, nawe unajua kupokea watu kuliko sisi sote. Kazi ya Baba haikuwa na mwingine.

Mwanao sasa anapenda hesabu. Usimkemee. Aanze na 127, ambayo ni 2 kwa kipeo 7 toa 1: atapata 14, 67, 42, 111, kisha 0. Halafu mwonyeshe kwamba 2 inazaa 3 (2 kwa kipeo 2, toa 1), 3 inazaa 7, 7 inazaa 127, na 127 inazaa namba ya Baba, zote tasa. Inayofuata hapo hakuna duniani ajuaye kama ni tasa. Daftari nitamtumia mimi.