Barua kwa mwanangu Zuhura: setilaiti iliyoruka Ngomeni

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku Mombasa twamshukuru Mungu, nduguzo wazima, na nyanya yako akusalimu sana.

Juzi kwenye simu ulinambia kuwa falaki ni mambo ya watu wa mbali wenye darubini kubwa, na huoni msichana wa pwani ataingilia wapi. Neno hilo limenikaa moyoni. Nami nina habari ya hapa hapa kwetu, kaskazini kidogo ya Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei, miale ya aina ile ya picha za hospitali, zitokazo kwenye nyota. Msimamizi wa mradi alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend, na ndiye aliyeipa setilaiti ile jina la Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe.

Kwa nini waje mpaka kwetu? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndiko inakokwenda mbio zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki kutoka huko hupata msukumo wa bure. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu, vipande vya roketi vikianguka havimdhuru mtu.

Tena eksirei za angani hazitufikii huku chini. Hewa huzimeza njiani, na ni rehema kwa miili yetu, ila kwa mwanafalaki ni pazia. Zamani walirusha roketi za kupanda na kushuka, wakapata dakika chache tu za kutazama. Uhuru ilitazama kwa zaidi ya miaka 2.

Sasa tulia usome hili, maana ndilo linishangazalo kuliko yote. Katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, Uhuru ilikuta eksirei ambazo nguvu yake ilipanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Fikiri nami. Mwanga, na eksirei vilevile, huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kikiwa kikubwa, mwanga wa upande wake wa nyuma huchelewa kufika kuliko wa mbele, na mabadiliko ya haraka namna hiyo huchanganyika yakapotea. Basi kitu kile lazima kiwe kidogo kuliko jua letu, maana mwanga huchukua zaidi ya sekunde 4 kulivuka jua. Kisha wanafalaki wakapima mwendo wa nyota kubwa iliyo jirani yake, wakaona inavutwa na kitu kisichoonekana, kizito kuliko jua mara kadhaa. Kidogo vile na kizito vile! Ndicho kilichokuja kukubalika kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Wala usidhani sisi tulianza kutazama juu siku roketi ilipokuja. Babu yako, Mungu amrehemu, aliutazama mwezi akajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini, akapanga safari zake za uvuvi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, maji yakajaa sana na kupwa sana; ndiyo bamvua. Ni nguvu ile ile ya mvutano unayosomeshwa darasani.

Mchukulie mwalimu wako wa fizikia ile hesabu ya mwanga kulivuka jua, muifanye pamoja, kisha unipigie unieleze. Na shule zikifungwa Desemba twende Ngomeni. Mjomba wako wa Malindi nimeshamwambia.

Babako