Barua ya wazi kwa mjomba: njoo Alhamisi na gita lako

Shikamoo mjomba.

Najua mambo ya mitandao wewe huna habari nayo ila binti yako anayo na yeye ndo atakusomea. Nimeamua niandike hapa hadharani kwa sababu kila nikija nyumbani kukwambia unaniuliza habari za watoto, chai inaletwa, maongezi yanaishia hapo hapo.

Ile bendi ya huku Temeke niliyokwambia bado inapiga. Kila Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe, pale kwenye baa yenye mwembe katikati ya uwanja. Wapo wanane, gita la solo, gita la rithim, besi, drams, tumba, kinanda na waimbaji wawili, kiingilio hakuna, mwenye baa anawalipa kwa usiku. Wanaanza saa mbili taratibu watu wakiwa bado wanakula mishkaki, wanapiga kopi za zamani zile zako wewe, na ikifika kama saa nne hivi mwimbaji kiongozi anashika maiki anasema leo tunaye mgeni, basi hapo watu wote wanageuza viti.

Mgeni kila wiki ni mwingine. Kuna wiki anakuja kijana wa bongo fleva anataka kuimba na bendi ya ukweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, kuna wiki mwimbaji wa taarabu, kuna wiki mzee aliyeacha muziki miaka na miaka. Hakuna mkataba wala nini, unapewa nauli, na pesa ya kutuzwa ni yako mwenyewe bendi haiigusi.

Mjomba ngoja nikwambie ya wiki mbili zilizopita maana ndo iliyonifanya nikae chini niandike. Alikuja mzee mmoja wa saksafoni. Ameifunga kwenye kanga, ameipakata, amekaa meza ya nyuma toka saa mbili na chupa moja ya maji tu. Alipoitwa akapanda polepole, yule wa solo akamwinamia sikioni wakakubaliana ki, yaani sauti ya kupigia wimbo, wakaanza. Sehemu yake ya kuingia ikafika, hakuingia. Nikaona midomo imeshagusa saksafoni ila pumzi haitoki. Kijana wa drams hakusimama wala hakumtazama, aliurudisha tu mzunguko kama vile wimbo ndo ulivyo, besi ikamfuata, wakampa nafasi ya pili. Akaingia. Mjomba aliingia! Walipofika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka, yule mama wa mishkaki aliacha jiko lake, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kumbandika elfu mbili kwenye paji la uso na mzee macho ameyafumba hana hata habari. Aliposhuka nilimsikia anamuuliza yule wa besi, "Na wiki ijayo mpo?" Mikono ilikuwa bado inatetemeka.

Nikakukumbuka wewe.

Sasa mwaka jana uliniambia "mimi sipigi bendi ya baa". Mimi nikanyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, lakini hilo neno limenikaa. Wewe ndo ulitufundisha hii historia tukiwa wadogo, tumekaa barazani umeme umekatika. Ulituambia enzi zenu bendi ilikuwa na kwao, NUTA Jazz mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki ana mshahara wake wa mwezi kama karani, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma. Urafiki Jazz kwao kiwanda cha nguo. Na Mlimani Park je? Si wewe uliyetuambia kwamba 1978 walichukua jina la baa waliyokuwa wanapiga, na shirika la DDC wamekuja kuichukua 1983? Sikinde yenyewe mjomba, maana ndo hao hao Mlimani Park, hiyo hiyo unayovulia kofia, ilianzia baa.

Na hao wenye bendi tukubaliane hawakuwatendea wote vizuri. Bendi yako ya mwisho ilipovunjika vyombo vilifungiwa stoo na nyie mkaambiwa mrudi nyumbani huku mnadai miezi minne, mimi nakumbuka, nilikuwa darasa la tatu, mama alikupelekea unga. Ulitoka na gita tu kwa kuwa ulilinunua kwa pesa yako. Kwa hiyo nikikuona unaisifia ile enzi naelewa, ila uchungu wake naukumbuka pia. Ulitusimulia mwanamuziki wa Msondo akionekana tu kwenye ukumbi wa Sikinde watu wanaanza kunong'ona anahama, na mwimbaji Gurumo alivyotoka Msondo kwenda Mlimani Park mji mzima uliongea. Pale kwetu Alhamisi hakuna anayekumiliki. Unapanda, unapiga nyimbo tatu, unashuka, unaenda kulala kwako.

Halafu kuna jambo la rithim, na hili nalisema kwa dhati kabisa. Kijana wao wa rithim ana vidole vyepesi ila hajakaa chini ya mtu. Anaikimbilia solo, kila solo akipanda na yeye anapanda, wanagongana juu huko na chini panabaki patupu, waimbaji wanakosa pa kukanyaga. Wewe ulikuwa unaniambia rithim hakuna anayeisikiliza lakini ikinyamaza watu wanarudi kukaa. Nimejaribu kumweleza hilo kijana, mimi si mpigaji, maneno yananiishia. Yeye mwenyewe ndo aliniomba, akasema "kaka mlete huyo mzee nimuangalie mkono wake wa kulia". Hajawahi kumuona mtu anayepiga rithim ya Sikinde kwa karibu, anasikiliza kwenye simu, na kwenye simu rithim haisikiki vizuri, inafunikwa na tarumbeta.

Gita lako bado lipo juu ya kabati, nimelishusha juzi ulipokuwa msikitini, usinikasirikie. Shingo haijapinda. Nyuzi ndo zimekwisha, ule wa kwanza haupo kabisa, nimenunua seti mpya Kariakoo ipo kwa mama. Alhamisi bajaji itakufuata saa moja, nimeshaongea na dereva, anajua atakuleta mpaka mlangoni na atakurudisha saa tano. Yule wa solo anauliza tu uanze na ki gani, umwambie binti yako anitumie meseji.