Hiyo barua usiiandike

Shoga yangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, nikaurudia alfajiri. Pole mno. Ila kabla ya pole nyingine: hiyo barua ya kuacha kazi waajiri wako wanayokubembeleza uandike, usiiandike. Hata wakikuahidi kuachana kwa amani.

Mimi niliandika. Unakumbuka mimba ya Nuru, kule kiwandani, msimamizi alivyokuwa akisema tumbo langu linachelewesha kazi? Nikasaini nikidhani nalinda heshima yangu. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi hapa Tanzania, kitu cha kwanza walichokitazama ni ile saini. Cha pili, tarehe. Ilikuwa siku ya 41, na mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Basi badala ya kudai haki nikaanza kuomba kuongezewa muda.

Wewe bado uko kazini, kwa hiyo lalamiko lako lina siku 60. Hesabu tangu walipokutoa mapokezi wakakupeleka kufua mashuka, wiki ileile uliyomripoti bosi wako kwa kukushikashika. Eti uhamisho wa kawaida. Ukawaida gani huo!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, mimba, dini, kabila, ulemavu na mengineyo, na unyanyasaji wa namna hiyo inauhesabu kuwa ubaguzi. Ukishaonyesha dalili za kutosha, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa hakukubagua. Na wakikufukuza kwa sababu ulidai haki yako, kifungu cha 37 kinasema hiyo si sababu halali.

Piga picha ratiba ya zamu, ya zamani na mpya, kabla hawajaibandua ukutani. Meseji za huyo bosi usizifute, hata zile za kutia kichefuchefu. Yule mwenzako aliyeona, usimlazimishe kusema sasa. Ana watoto, anaogopa. Andika tu siku na saa.

Ukienda Tume, chukua Fomu Namba 1, ile ya kupeleka mgogoro, ijaze, mpe mwajiri nakala asaini kupokea, ndipo uirudishe. Wataanza na usuluhishi, yaani mtaketi meza moja na hao hao. Hapo ndipo utakapotamani kulia. Lia nyumbani kwanza.

Jumapili nakuja na basi la asubuhi. Niandalie uji, na simu iwe na chaji tuzisome hizo meseji pamoja.

Nuru anakusalimu.

Shoga yako wa dawati la nyuma